Ukweli Utangulie: Maisha ya Bibi Subirini

Kwa desturi wasifu huanza na kuzaliwa. Marehemu aliagiza wake uanze na kifo, na familia imelitii agizo hilo. Alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, kwa saratani ya kongosho. Hakuuawa na vidonge vya shinikizo la damu. Vidonge hivyo vilimlinda kwa miaka mingi na kumfikisha uzeeni akiwa na akili zake na ulimi wake. Baada ya kusema hayo, sasa turudi mwanzo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba yenye kibaraza ambako cherehani ilikuwa hainyamazi. Baba yake alimtuma kwa wateja kwa sababu hakuwa mtoto wa kutia chumvi. Aliambiwa, "Mwambie suruali yake iko tayari, na kiuno amekiongeza yeye, si mimi," akaenda akasema vivyo hivyo, pamoja na kukunja uso kama baba yake. Wateja walilalamika, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba ujumbe haukufika.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana hadi mwaka 1969. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu 1973. Wenzake wa bweni walimkumbuka kwa kupiga pasi sare yake hata siku za mapumziko, na kwa kucheka kwa sauti iliyopita kuta mbili.

Aliajiriwa mwaka huohuo katika kliniki ya mama na mtoto, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2009. Jina la Subirini alilipata kwenye benchi la kliniki ile. Akina mama waliokuwa wakingoja zamu walipeana tiba: huyu majani, yule majivu, mwingine maji ya chumvi kwenye jicho la mtoto. Yeye aliwasikiliza kutoka dirisha la dawa, kisha akatoka akikausha mikono. "Subirini kwanza," alisema. Aliirudia tiba yote kama ilivyosemwa, bila kuibeza, ili mwenyewe asije akasema hakueleweka. Akanyamaza, akanywa maji kwenye kikombe chake cha bati, akawaacha wafikiri. Ndipo akajibu. Wako akina mama hapa leo wanaoukumbuka ukimya ule wa kikombe.

Mwaka 1975 aliolewa na seremala. Bwana huyo alikuwa amemtuma rafiki aje kumsifu, na rafiki akasifu mpaka akavuka mipaka. Marehemu alikwenda karakana mwenyewe, akakalia kiti cha kwanza alichokiona, kikayumba. Seremala hakumsingizia mwanafunzi wake. "Hicho kibovu ni changu," alisema, naye marehemu akasimulia maisha yake yote kwamba alilikubali jibu lile kabla ya kumkubali mwenye jibu. Kiti hakikutengenezwa kamwe. Kiliyumba sebuleni hadi mumewe alipofariki mwaka 2012, na kingali kinayumba.

Alipostaafu, watoto walimnunulia simu wakamwingiza kwenye kundi la ukoo. Benchi la kliniki likahamia mkononi mwake. Kila ilipopita habari ya tiba ya ajabu, alirekodi sauti kwa utaratibu wake uleule: salamu kwa wakubwa na wadogo, uvumi wenyewe neno kwa neno, kimya cha kikombe, kisha ukweli. Mwaka 2019 ulizuka uvumi kwamba kitunguu saumu na ndimu hutibu shinikizo la damu, na mgonjwa atupe vidonge. Alirekodi. Kitinda mimba wake, fundi simu, akaona salamu za mama zinamaliza bando za watu. Akazikata ili sauti iwe fupi, na alipofika kwenye kimya cha kikombe akadhani mama amemaliza, akakata na hapo. Akaisambaza kwa nia njema.

Kipande kile kilitoka kwenye ukoo, kikazunguka mitaa, kikamfikia mdogo wa marehemu kutoka kundi jingine. Yeye naye alikuwa na presha. Aliisikia sauti ya dada yake ikisema atupe vidonge, akavitupa. Baada ya wiki chache alianguka jikoni kwa kiharusi. Marehemu alipofika wodini kumuuliza nani alimdanganya, mdogo wake alijibu taratibu kwa mdomo uliopinda, "Si wewe mwenyewe, dada?"

Kitinda mimba alipiga magoti kuomba radhi. Marehemu alimwinua. "Wewe ulikata mkia, mwanangu. Mimi ndiye niliyeutanguliza uongo." Alizunguka nyumba kwa nyumba mtaani kusahihisha sauti yake mwenyewe, na tangu hapo akageuza utaratibu wa maisha yake yote. Ukweli ulitangulia, kwa sentensi moja isiyokatika. Salamu zikaenda mwisho. Shemeji yake mkubwa alinung'unika kwamba muuguzi siku hizi anaingia kundini kama mgambo, bila hodi. Akamjibu, "Salamu zipo, shemeji. Sikiliza mpaka mwisho utazikuta." Alikuwa na msemo wake: mjumbe hauawi, lakini ujumbe huua.

Saratani iligundulika Septemba 2024. Alipoanza kukonda, ukaenea uvumi kwamba ameliwa na vidonge alivyowahimiza wenzake wameze, na baadhi ya majirani wakaanza kuviacha vyao. Hilo lilimuuma kuliko tumbo. Akiwa kitandani, binti yake akimshikia simu, alirekodi kwa mara ya mwisho: "Nina saratani ya kongosho. Vidonge vya presha havikunipa. Mwenye vyake asiviache bila kuonana na daktari. Haya, hamjambo nyote?" Kisha akaagiza neno hilo lisomwe kaburini, mwanzoni, kabla watu hawajaanza kunong'ona.

Ameacha watoto watatu: binti yake mwalimu, mwanawe seremala na kitinda mimba wake fundi simu, aliyeirusha sauti ya mwisho bila kukata chochote. Ameacha wajukuu saba, shemeji yake mkubwa, wenzake wa kliniki, na mdogo wake, ambaye leo asubuhi, kabla ya kuvaa viatu, aliomba maji akameza kidonge chake.

Na kwa kuwa salamu zake hukaa mwisho, zipokeeni: anawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Ujumbe umefika, Bibi Subirini. Pumzika sasa kwa amani.