Kinubi Kimeshavuka

Sogeeni, Bébinn na Ruadán, na huo mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo uwekeni hapa juu ya blanketi niupapase, maana macho yameshaniaga lakini ulimi bado ni wangu, na kabla haujanyamaza nina la kuwaambia. Mjumbe wa mfalme yuko uani anakula siagi yangu. Mwacheni ale. Akishiba atawauliza kama mko tayari kwenda kukirudisha kinubi cha ufalme, kilichoibwa tena na watu wa ng'ambo ya mto Suanach, nanyi najua mmeshafunga mikanda ya panga. Mnadhani sikuwasikia mkikaza nyuzi za vinubi vyenu? Mimi ni kipofu, si kiziwi!

Mali haina maneno mengi. Ng'ombe ni wa Bébinn, shamba la shayiri ni la Ruadán, na kile kipande cha malisho anachokidai jirani yetu Gormán mpeni, ni tope tupu, amekililia miaka yote kama titi la mamaye.

Sasa lililonikaa kooni. Mjomba wenu Dúnlang mnamjua kwa jina tu, tena kwa sababu mimi nilikataa lisahaulike. Alikuwa mcheshi, mlafi wa asali, na hapakuwa na kijana aliyempita kwa kupiga wimbo wa kulaza, ule ambao ukipigwa sawasawa adui husinzia na mkuki mkononi. Mfalme Cathbarr, baba wa huyu wa leo, alitutuma sisi wawili, panga ubavuni na vinubi mgongoni, tukalete kinubi hiki hiki. Tulikileta. Tulipofika kivukoni wale wezi walikuwa nyuma yetu, na Dúnlang akaniambia, "Wewe vuka nacho, dada. Mimi nawabembeleza hawa watoto walale." Akacheka, akageuka, akaanza kupiga, nikawaona wanaanguka majanini mmoja mmoja, wanakoroma.

Upande wetu wa mto mfalme alikuwa amesimama na wapanda farasi wake wote. Nilitoka majini nikapiga magoti, nikamwambia, "Bwana wangu, tuma farasi mmoja tu, kucha zake hazitastahimili." Nyuzi za shaba hazina huruma, mnajua wenyewe; mpiga kinubi ni kucha zake. Mfalme akakipokea kinubi, akakifuta maji kwa joho lake, akasema, "Kinubi kimeshavuka." Basi! Akageuza farasi. Nilitaka kurudi, watu wake wakanikamata mikono. Nikausikia wimbo unakatika katikati, nikajua ukucha umevunjika, na waliolala wakaamka.

Kisha akatungisha wimbo wa ushindi ambao Dúnlang hatajwi, nami nikaamriwa kuupiga kila karamu, nikaupiga nikiwa nimeimeza nyongo yangu, maana nilikuwa na ninyi wa kulisha. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu, na aliyevunjika ni ndugu yangu. Fadhila za punda ni mateke, wanangu, na za wafalme ni wimbo usio na jina lako.

Kwa hiyo shikeni mkasi, kateni kucha zenu zote, hadi kwenye nyama. Sheria haimruhusu mfalme kumtuma vitani mpiga kinubi asiye na kucha, na zitakapoota, theluji itakuwa imeshafunga njia. Watawaita waoga. Watawatemea mate. Vumilieni. Kucha huota tena, mwana haoti.

Ruadán, anza wewe. Naam, kata, nausikia mkasi. Usilie, ni kucha tu, baba. Lete hiyo mikono niibusu.

Haya, Bébinn. Mbona ngumi? Fungua, mwanangu. Unasemaje? Eti utakwenda, na jina la mjomba utalitia kwenye wimbo wewe mwenyewe? Ala! Ulimi wa Dúnlang huo, na kichwa kigumu ni chake vilevile. Na lako nani atalitia? Ruadán, mshike dada yako... hapana. Mwache. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nami sina tena nguvu za kulia wala za kumliza mtu.

Nizikeni kilimani, kisogo kikielekea ngome ya mfalme, na asije mtu wake kunipigia ule wimbo. Ruadán, niinue kidogo... pumzi haitoshi. Bébinn, usiuondoe mkono. Ukibanwa kivukoni, kitupe kinubi chao majini, ukimbie. Unanisikia? Kitupe, waache wakililie wao.

Niliapa kuwa mikono yenye kucha sitaibariki. Sasa nife na kiapo changu, au nife na wewe? Isogeze. Isogeze hiyo ngumi, mama, siifikii... Wale wasioonekana, walio chini ya vilima, wakulinde, wakupe njia kavu na... na mtu wa kukungoja. Na kucha zako... zisivunjike, mwanangu. Hata mmoja usi...