Mama Saa Kumi, Muuza Pombe Aliyepima Duka Lake Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wa familia hii, na nimepewa kazi ya kuisoma karatasi hii kwa sababu watoto wa marehemu wamesema sauti zao hazitafika mwisho, nami nitajitahidi.

Dada yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mama Saa Kumi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa pili kati ya sita wa baba fundi reli na mama mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1967, kisha mwaka 1970 akaajiriwa kuosha chupa katika kiwanda cha vinywaji, ambako alikutana na dereva wa lori aliyekuwa akisahau kitu kila siku ili apate sababu ya kurudi, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1973 na kujaliwa watoto wanne.

Mwaka 1982 walifungua duka la pombe kando ya kituo cha mabasi, likaenda vizuri mpaka shemeji alipofariki kwa ajali tarehe 2 Agosti 1991, ndipo dada akaanza kunywa, kwanza glasi moja ya kutafuta usingizi, baadaye kikombe cha chai kilichokaa chini ya kaunta na ambacho hakikuwa na chai, nasi ndugu zake tulijua, tukanyamaza, tukasahau kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tarehe 19 Mei 2003 alitapika damu dukani, macho yakiwa ya manjano, akalazwa wiki tano na kuachishwa pombe chini ya uangalizi wa wauguzi, na daktari hakumzungusha, alimwambia ini lake lina makovu yasiyofutika, ila akiacha kabisa, sehemu iliyobaki ingeweza kumbeba miaka mingi. Dada akauliza kama bia moja ya Jumapili ingekuwa na neno, akajibiwa kwamba hata hiyo moja.

Alirudi amekonda kama sindano, akaisoma leseni iliyotundikwa ukutani miaka yote bila kusomwa na mtu, ikikataza kuuza kabla ya saa kumi jioni na kumuuzia aliye chini ya miaka kumi na minane, akaifuata kama ilivyo, peke yake mtaa mzima, wateja wakambandika jina la Mama Saa Kumi kwa kejeli, naye akaliitikia. Fundi mwashi mmoja, aliyezoea kupata kichupa chake alfajiri kabla ya kupanda jukwaa la ujenzi, alimtukana wiki nzima, kisha akamuuliza kwa upole alitibiwa wapi, dada akafunga duka akampeleka mwenyewe, na hadi leo fundi huyo hajaonja tena.

Tarehe 11 Septemba 2006 kamati ya leseni ilisikiliza ombi la wauza pombe la kufungua tangu asubuhi, na dada, waliyedhani angewaunga mkono, alisimama akasema, "Nimeuza asubuhi miaka mingi. Anayenunua saa hizo si mwenye starehe, ni mwenye mikono inayotetemeka." Kisha akaeleza kwamba sheria inataka mita mia mbili kutoka shuleni, na kwamba alikuwa amepima maduka yote kwa utepe wa kupimia nguo wa marehemu mama, akiinama na kuinuka huku watu wakimcheka, na lake ndilo lililokuwa karibu na shule kuliko yote. Ombi lilikataliwa, maduka matatu yakanyimwa leseni, la kwanza la kwake, na jioni hiyo alilia, sitawaficha, kwa kuwa lilikuwa kumbukumbu ya mumewe.

Januari 2007 chumba kilekile cha duka kilifunguliwa tena, kikiwa na vyerehani vitatu na sare za shule, na katika miaka hiyo ya kushona alijaliwa wajukuu wanane, mmoja baada ya mwingine.

Novemba 2023 saratani ilionekana kwenye ini, naye akaniita akaniambia, "Usiandike niliugua kwa muda mfupi. Andika pombe, halafu andika na miaka ishirini niliyoongezewa." Nimeandika. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2024, saa mbili asubuhi, mabinti zake wakimshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, mafundi wenzake wa cherehani, na wauza pombe wa mtaa, ambao baadhi yao waliacha kumsalimia kwa miaka, na ambao leo wamefunga milango kutwa nzima bila sheria yoyote kuwalazimisha.

Dada, kazi imefika mwisho. Jipumzishe.