Mkeka wa Mbwa wa Ronah

Kwenye gari la Kasese kwenda Bwera nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wametoka tu kutajiana majina. Ronah alipakata kimkeka cha raba chenye vinundu.

"Ni ya mbwa," alimweleza Jeanine, mfanyabiashara wa Butembo. "Unapaka chakula juu, inalamba polepole. Inakulaga mbio mpaka inapaliwa."

"Iko muzuri, mama."

"Bwana yangu alichagua siku tatu kwa simu. Ile ya kwanza vinundu ilikuwa fupi, mbwa ikamaliza haraka, akanituma kubadilisha. Mimi nikipaliwa na mufupa ya samaki, anasema nikunywe maji."

Jeanine alicheka. Ronah hakucheka.

"Jioni anakaa chini karibu na mbwa mpaka imalize," alisema, sauti ikishuka. "Mimi nakula peke yangu."

Nilijifanya natazama nje, ingawa dirisha langu lilikuwa na pazia.

"Bwana akirudi, mbwa inafanyaka nini?" Jeanine aliuliza.

"Inamukimbilia mpaka kwa barabara."

"Na weye, mama?"

Gari lilisimama Bwera. Ronah alikunja mkeka taratibu, akashuka.