Jinzi ya Beshir

Ukuta wa nyuma wa hamamu, bafu la mvuke la mtaa mjini Ksar Hellal, Tunisia, ni wa moto mwaka mzima, na benchi lililouegemea halikosi makalio. Mchana wakitoka viwandani, kucha bado za buluu kwa rangi ya jinzi, washikaji wanalivamia: Lotfi, anayeitwa Jiwe maana kazi yake ni kumwaga mawe kwenye mashine za kufulia jinzi ili zipauke, Munji Msasa, anayekwangua magoti ya suruali tangu hajaota ndevu, na Nouri, yaani Profesa, ambaye kazi yake haijulikani ila maoni anayo. Birika la kahawa yenye harufu ya maua ya mchungwa likishatua katikati yao, hakuna wa kunyamaza. Jumamosi ile Wajdi alikuja mbio, akachomoa jinzi mpya kwenye mfuko wa plastiki, ngumu kama ubao, buluu ya kuumiza macho.

— Kaka zangu, nisaidieni. Mpaka kesho asubuhi hii iwe kuukuu.

— Unaoa kesho au unaenda kuomba? Jiwe akamtania.

— Sitanii, kaka Lotfi. Nimeiua jinzi ya Beshir.

Hapo hata Profesa aliweka gilasi chini. Beshir ni kaka yake Wajdi. Alivuka bahari kwenda Italia, huu mwaka wa nne, akaacha suruali moja msumarini. Kila Jumapili mama yao anaifua kwa mkono na kuianika juu ya paa, japo hakuna anayeivaa. Ikipepea kule juu, mtaa unajua mama Beshir kaamka salama. Sasa juzi Wajdi kaichomoa kimyakimya, kaivaa, kaenda kuhangaika na pikipiki yake, maji ya betri yakamrukia pajani. Jana alipoisuuza, paja lilimbakia mkononi kama mkate uliolowa.

— Na wewe uliivaa ya nini? Munji akauliza.

— Basi tu. Nilitaka kujua inakaaje.

— Hii mpya ni aina ileile?

— Ileile, saizi ileile. Inakosa uzee tu.

— Mbona kazi ndogo! Jiwe akakunja mikono ya shati. Sisi tunazeesha suruali kwa malori, itushinde moja? Leta jiwe la kusugulia visigino, liko mlangoni pa hamamu. Na jiki kifuniko kimoja.

— Jiwe baadaye! Msasa kwanza. Ukianza na maji unaua uzi.

— Wewe Munji unajua magoti tu.

— Na wewe unajua kubonyeza kitufe. Mashine ikizimika unaanza kulia.

Munji hakosi kipande cha msasa mfukoni. Akailaza jinzi benchini, akaanza kukwangua, ulimi nje pembeni ya mdomo.

— Goti hili na lile, pacha kabisa, akasema. Moja likizidi, msimamizi anakurushia usoni.

— Mnapoteza muda, Profesa akadakia. Jinzi haipauki kwa jiwe wala msasa. Inapauka kwa jasho. Mvalisheni, tumfungie chumba cha mvuke mpaka aombe maji.

— Ataiva, bwana.

— Akiiva na yenyewe imeiva. Au tuifunge nyuma ya pikipiki, aiburute mpaka mji wa Monastir na kurudi.

— Atarudi na zipu peke yake!

— Basi tuizike kwenye chumvi kule bwawani. Au avalishwe kondoo wa mjomba wangu. Kondoo yule hatulii, anajikuna kwenye kila ukuta. Siku moja, uzee wa miaka mitano!

— Kondoo ana miguu minne, Profesa.

— Ya mbele inatosha.

Wajdi alicheka, akaenda kuleta jiwe na jiki. Jiwe akasugua, wakanyunyiza jiki, wakasuuza ndooni, wakaibandika kwenye ukuta wa moto ikatoa mvuke. Ikatoka kali kwelikweli: mapaja yamefifia, magoti yamepauka pacha.

— Ona kitu hicho! Munji akajipiga kifua. Hii unaingiza dukani sasa hivi.

— Ndiyo maana, Wajdi akasema taratibu. Ni ya dukani. Siyo ya Beshir.

— Kwani ya Beshir ilikuwaje?

Wajdi akaigeuza jinzi, akaikagua mbele na nyuma.

Mlango wa hamamu ukalia. Akatoka msafiri mmoja, taulo shingoni, anasubiri gari la kwenda Gabes lijae. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha. Akaitazama ile jinzi, akauliza bila ubaya wowote:

— Samahani, jamaa. Huyo Beshir alikuwa anaweka nini mfukoni? Kitu cha mfukoni huacha alama yake.

— Simu, Jiwe akajibu chapchap.

— Simu alikuwa anaishika mkononi muda wote, akasema Munji. Sigara.

— Beshir havuti! Wajdi akapinga.

— Alikuwa anavuta na mimi, nyuma ya shule.

— Mfuko gani? msafiri akauliza tena.

— Wa kulia, akasema Jiwe.

— Kushoto, wewe! Au... subiri.

Walikaa na Beshir benchi hilihili miaka na miaka, na mfuko wake hawaujui. Wajdi juzi tu alitia mikono kwenye mifuko ile, na alihisi palipolika, mviringo fulani hivi. Upande gani? Gari la Gabes likapiga honi, msafiri akaaga akaenda. Birika lilikuwa tupu.

Wajdi akaikunja jinzi.

— Unaenda wapi, dogo?

— Nyumbani. Kuna mtu anajua.

Kesho yake washikaji walikuwa benchini mapema, shingo zimeelekea juu. Kwenye kamba ya mama Beshir ikapepea ileile ya zamani, paja moja halipo, anga inaonekana kupitia tundu. Kisha Wajdi akatokea kwenye kona, kavaa ile mpya. Mfuko wa kushoto umetuna.

— Mama alilia? Munji akauliza.

— Alinifokea kwanza. Halafu akacheka, nilipomwambia habari ya kondoo. Akaniwekea hiki, alikuwa nacho Beshir siku zote.

— Kitu gani? Toa tuone!

Wajdi akaubana mfuko kwa kiganja, akajibana katikati yao, akajimiminia kahawa.

— Tulieni. Miaka mitatu hivi, alama itajichora yenyewe.