Mama Mkwe Atua Mwezini

BOKE: Haloo! Nani huyo anayepiga simu wakati mimi naanguka?

ENOKA: Haloo? Shikamoo, mama. Ni Enoka. Niko posta, Musoma.

BOKE: Enoka mume wa Nyamburi wangu? Marahaba. Ngoja — aah! Kimepasuka tena!

ENOKA: Nini kimepasuka, mama?

BOKE: Chombo chako cha mwezini. Binti yangu alivyokukimbia alibeba nguo zake na hiyo gemu yako uliyonunua Sirari. Nimeiunganisha kwenye televisheni ya mpangaji wangu, Hamduni. Kaenda msikitini, kaniachia duka.

ENOKA: [kikohozi] Mama, samahani, mimi na wewe kuongea hivi, si mwiko —

BOKE: Mwiko ni mkwe kuonana na mama mkwe. Unaniona?

ENOKA: Sikuoni.

BOKE: Basi. Wazee walioweka mwiko hawakuwaga na simu.

ENOKA: Naomba unipe Nyamburi.

BOKE: Yuko uani, anapara sato. Kwanza nitue. Nataka nijue ni utamu gani huo, mtu analalaga mwezini na mke yuko peke yake nyumbani kwenu Nyakato.

ENOKA: Mama, sarafu zangu —

BOKE: Fundisha haraka basi!

ENOKA: Haya. Ile namba ya pembeni ni mwendo. Ikiwa kubwa, unapasuka. Kitufe chekundu ndiyo moto wa chini, unapunguza.

BOKE: Nabonyeza... Mbona kinarudi juu?

ENOKA: Umeshikilia! Bonyeza, achia. Moto ukizidi kinapanda, mafuta yanaisha bure.

BOKE: Kama wewe Jumapili. Umekuja hapo barabarani unafoka, "Nipeni mke wangu!" Majirani wote nje. Halafu ukarudi Musoma na vumbi lako.

ENOKA: Ningeingiaje, mama? Wewe ulikuwa ndani!

BOKE: Kitendawili.

ENOKA: Mama, saa hizi —

BOKE: Kitendawili!

ENOKA: Tega.

BOKE: Kila usiku anafika mwezini, mezani kwake hajafika, samaki anapoa.

ENOKA: [Anatumbukiza sarafu nyingine.]

BOKE: Umeshindwa. Nipe mji.

ENOKA: Chukua Butiama, kwetu.

BOKE: Nimeenda Butiama, nimewakuta ndugu zako. Jibu wanalo, wanaona aibu kulitaja. Ni wewe, mkwe!

[Mtu anacheka kwa mbali.]

ENOKA: Nani huyo anacheka?

BOKE: Kuku.

ENOKA: Mama, kuku gani anache —

BOKE: Nashuka! Sema!

ENOKA: Kisimamishe wima. Usiutazame mwezi, tazama mwendo. Bonyeza, achia. Hata ukiona umefika, punguza tena.

BOKE: Umeyajulia wapi yote haya?

ENOKA: Nimevunja vingi, mama.

BOKE: Najua.

[Mkwaruzo kwenye waya.]

ENOKA: Haloo? Mama? Haloo!

BOKE: Nyamaza! Kinagusa... kinagusa... Kimekaa! Kimekaa, mkwe! Nyamburi, achana na sato, njoo unione, mama yako niko mwezini!

ENOKA: Amekuja? Anasema nini?

BOKE: Anauliza kama umekula.

ENOKA: Mwambie... mwambie sijala. Tangu Jumapili ni chai tu.

BOKE: Kasikia. Sasa nisikilize. Kesho asubuhi naenda Kisorya kwa dada yangu, nalala huko huko. Nyumba itabaki na Nyamburi tu. Ulisema mtu anatuaje?

ENOKA: Polepole. Wima. Moto kidogo.

BOKE: Na kelele?

ENOKA: Hakuna kelele, mama.

BOKE: Ndiyo hivyo.

ENOKA: Asante sana, mama. Sarafu ya mwisho inakwisha hii. Nitakuja na gari ya rafiki yangu, tubebe nguo zake na ile gemu —

BOKE: Mke chukua. Gemu acha.

ENOKA: Lakini ma —

BOKE: Kutua nimejua. Kuruka je? Unataka nibaki huko mwezini? Utanifundisha ku—

[Simu inakatika.]