Hapa Tunakamata Sauti

Mbote kwenu wote, wamama na wapapa, na ninyi vijana mumesimama kule mulangoni kama watu wanataka kukimbia. Maman mukubwa wa kikundi chetu cha akiba ameniambia, "Sema kidogo tu." Kidogo yangu munaijua. Mutaniachia niongee nimesimama, maana hii habari nikiikalia inanichoma.

Bon. Wengi wenu munanijua kama maman wa studio. Lakini mbele ya vita nilikuwa muuza chumvi na sabuni, kama wazazi wangu waliotoka Kivu na mizigo yao. Bwana yangu alishuka na mto kutafuta mali, vita ikafunga mto nyuma yake, na mpaka leo iko kule, siye tuko huku. Chumvi ikaisha kwa meza. Sabuni ikaisha. Nikabaki na watoto, nyumba ya bati, na redio moja kubwa ya kasete, ile ya milango mbili, bwana yangu aliipenda kuliko viatu vyake.

Siku moja korali ya parokia yetu walikuja kuniomba ile redio. Mwimbaji wao mumoja alikuwa amekufa, na walikuwa wamegundua kama hakuna mahali sauti yake imebaki. Hata kwa kasete moja, hapana. Basi wakasema, sisi wengine tusife hivyo. Ndugu zangu, mimi nikasikia moyo unaruka. Nikasema, redio sitoi, lakini ninyi ingieni.

Ndiyo hivyo studio ilianza. Chumba cha watoto tukakitoa vitanda. Magodoro tukayasimamisha kwa ukuta, sauti isirudi-rudi. Kwa dirisha nikafunga pagne zangu zote za kitenge, hata ile ya ndoa. Mikro ya kuingiza sauti ilikuwa moja tu, nikaitundika katikati kwa kamba ya kuanikia nguo. Sasa na mikro moja unafanya nini? Unapanga watu. Mwenye sauti ndogo anakaribia, mwenye sauti ya kuita pirogue toka Lubunga, ng'ambo ya mto, anasimama inje ya mulango kabisa. Musicheke, yuko hapa, anajijua. Umeme ukikatika, tunafunga betri ya gari. Mvua ikipiga bati, tunakaa chini, tunakula mihogo, tunangoja.

Furaha ile, siwezi kuisema ikatosha. Korali zikaanza kupanga zamu. Watu wakaleta wazee wao waseme majina ya mababu. Mimi, muuza sabuni, nilikuwa natembea katika muji kama mutu aliyemeza taa.

Shida ilikuwa moja: jirani yangu. Maman mumoja wa watu wa mto, kutoka upande wa Isangi, anatwanga pondu yake, ile mboga ya majani, ndani ya kinu kila asubuhi pale pale korali inafungua kinywa. Tu-tu, tu. Tu-tu, tu. Nikamuendea. Nikamwambia, "Maman, kinu yako inaingia ndani ya kasete." Akaongeza majani. "Watoto wangu hawali muziki," akasema, na akaendelea. Tukakosana, tukapatana, tukakosana tena. Kasete zangu zote za wakati ule ziko na ile pondu ndani.

Alors, kazi ikakua, nikaandikisha kibao. Rangi nyekundu, herufi kubwa: HAPA TUNAKAMATA SAUTI ZA WATU WOTE. Mumesikia ubaya gani pale? Hakuna. Kwetu mutu anakamata chakula, anakamata mutoto mukononi, anakamata komunyo. Lakini munakumbuka wakati ule majeshi mawili ya kigeni yalikuwa katika muji moja, kila moja inaogopa ingine. Na wale waliopita mbele ya nyumba yangu walikuwa watu wa Swahili ya mbali, ile ya kupigwa pasi. Kwao kukamata ni kumkamata mwizi.

Wakasoma kibao. Wakasoma tena. Wakaingia.

"Mama, unakamata sauti za nani?"

Na mimi, kwa kiburi cha kazi yangu, nikajibu, "Za watu wote. Hata zenu, kama munataka."

Eee, Mungu wangu. Wakaona betri. Wakaona waya. Wakaona pagne zimefunga dirisha mchana. Kwa macho yao, pale palikuwa nyumba ya kusikiliza siri za jeshi. Wakabeba redio, kasete, betri na mimi mwenyewe. Watoto wangu walikuwa wanalia kwa barabara, na yule jirani wa kinu ndiye aliyewashika mikono. Mimi wakanifungia ndani ya depo moja, gala ya zamani ya kahawa.

Kamanda wao akaanza kusikiliza kasete, akitafuta siri. Na mimi nikasikiliza pamoja naye, nikaona nimekwisha. Munajua nini iko kati ya nyimbo? Iko sauti yangu. "Wewe wa mulangoni, rudi nyuma! Ninyi wawili, songeni mbele. Musianze mpaka ninyoshe mukono. Tungoje mvua iishe, halafu tunapiga." Na chini yake, tu-tu, tu. Tu-tu, tu.

"Ni bunduki gani hiyo?" akaniuliza.

"Ni pondu," nikasema. "Majani ya muhogo."

"Unanidharau."

"Papa kamanda, sikudharau. Ni jirani yangu anatwanga."

Hakuamini. Akasema mutu wa kuongoza watu vile ni mwanajeshi, na kesho yake watanipeleka mbali, kwa wakubwa wao. Hapo nikaogopa kweli. Tulijua wote, mutu akipelekwa mbali wakati ule, watu wake hawaulizi tena, wanapika matanga. Usiku ule sikuomba redio wala studio. Niliomba kurudi kwa watoto wangu tu.

Asubuhi nikasikia kelele kwa lango. Nikachungulia katikati ya mbao. Jirani yangu, ndugu zangu! Kinu kwa kichwa, muti ya kutwangia kwa bega, kifurushi cha majani kwapani. Walinzi wanamsukuma, yeye anawasukuma.

"Umekuja kufanya nini?" kamanda akamuuliza.

"Nimeleta ushahidi," akasema. "Askari wenu wanasema sokoni kama kinu yangu ni bunduki." Akashusha kinu pale pale mbele ya buti zao, akafunga pagne vizuri, akatwanga.

Tu-tu, tu. Mara mbili kwa nguvu, mara moja pole, halafu anakwangua ukingo. Hakuna mwanamuke mwingine anatwanga vile. Kamanda akafungua kasete. Kinu inasema, kasete inaitika. Askari mumoja akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Wakacheka wote mpaka kamanda akageuza uso. Na jirani, hakucheka hata. Akauliza, "Mupishi wenu ni nani? Nimuachie hii, isiharibike bule."

Wakanifungulia. Redio wakanirudishia. Betri, hapana. Na kasete ya korali kamanda akabaki nayo, alisema inamusaidia kulala.

Munafikiri nilirudi na furaha? Mimi pia nilifikiri vile. Lakini mutu anaweza kutoka ndani ya depo na depo isitoke ndani yake. Nilipasua kile kibao, nikapikia. Redio nikaifunika na gunia. Mutu akiimba barabarani, nafunga dirisha. Korali wakaja, nikawaambia studio imekufa, nendeni. Nilifunga mulango, nikabaki kuwa mutu wa kuangalia ukuta.

Sasa sikilizeni vile walifanya. Wakarudi, kila maman na kiti chake. Hawakugonga. Wakakaa katika kiwanja changu wakaanza kuimba. Na wakaimba mubaya. Makusudi! Sauti ya pili inaingia mbele ya ya kwanza. Ya tatu inapanda kama mbuzi amefungwa. Papa wa sauti nzito amepotea kabisa, yuko wimbo mwingine. Mimi niko ndani nimeziba masikio. Nikasema nitavumilia. Wakamaliza, wakarudia mwanzo, mubaya zaidi. Ndugu zangu, uchungu ule wa masikio ulikuwa mukubwa kuliko woga. Nikafungua mulango na hasira yote.

"Hapana! Wewe, rudi nyuma! Ninyi wawili, songeni huku! Nani amewafundisha ujinga huu?"

Wakaukata wimbo. Halafu mumoja akasema, pole kabisa, "Haya, maman. Tupange."

Nikalia. Nikawapanga nikilia. Papa mumoja wa shirika letu la parokia, gari yake inakaa juu ya mawe tangu vita, akatoa betri yake, na kijana wa toleka, wale wanabeba watu kwa baiskeli, akaileta nyuma ya kinga yake. Mbele ya jua kuwa kali tulikuwa tunakamata wimbo.

Asanteni, ninyi wote. Jirani yangu, asante, na leo nasema mbele ya watu: twanga saa unataka. Na hii ndiyo nimejifunza. Mutu akifungwa na woga, usimwambie "jikaze". Alijikaza mpaka akachoka. Muendee na kazi yake mwenyewe. Ifanye mbele yake, ifanye vibaya, mpaka mikono yake ikose uvumilivu.

Vita haijaisha, tunajua. Na iko mutu kati yetu hapa, mikate yake ya kukaanga na mafuta tulikuwa tunaipangia mustari asubuhi. Tangu bomu iliangukia jiko lake, hakuwasha moto tena. Simutaji. Ameangalia chini, abakie vile vile. Nataka tu ajue: kesho asubuhi tuko katika kiwanja chake, sisi wote, na unga na mafuta na sufuria, na hakuna hata mumoja wetu anajua kuukanda.