Mzee Hodi na Waya Uliokuwa Macho

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kutafuta nyaya na mabomba yaliyozikwa, Mzee Hodi anastaafu. Jina lake halisi limo kwenye faili, lakini ukilitaja hapa kazini utaulizwa ni nani huyo.

Jina hili alilipata wiki yake ya kwanza. Kabla kikosi hakijachimba, aliinama, akagonga ardhi mara tatu kwa mpini wa koleo, akasema hodi, kisha akatega sikio. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu, wakamuuliza atafanyaje siku akikaribishwa. Alisema atakimbia, na wao waanze mazoezi.

Kazi yenyewe haikuwa na mzaha. Alipita na mashine yake, visikilizi masikioni, akipuliza rangi kila palipolia: nyekundu kwa umeme, buluu kwa maji. Urefu wa mkono mmoja kila upande wa rangi, marufuku katapila, sururu wala mtaimbo; ni koleo na vidole, mpaka waya uonekane. Meneja mmoja mwenye haraka aliwahi kusimama juu ya waya akibishana. Mzee Hodi alipuliza rangi kuzunguka viatu vyake, akaenda zake. Mwaka mzima zilibaki pale nyayo mbili tupu katikati ya wekundu, kama za mtu asiyeonekana aliyegoma kuondoka. Wapita njia walizikwepa. Mimi pia.

Lakini moyo wangu uko kwenye jambo la Februari.

Mimi ni karani wa ramani. Nilitoa ramani ya kiwanja nyuma ya bohari, nikaigonga muhuri: hakuna kitu chini. Jengo la pale lilibomolewa miaka kumi na tisa iliyopita, na faili ilisema umeme wake ulikatwa. Kwa utaratibu wa wakati ule, kiwanja chenye muhuri hakikupimwa kwa mashine. Mchimbaji aliyepangiwa alikuwa mchumba wangu, sasa mume wangu (tuna wiki kumi na moja za ndoa, na kila nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu). Zilibaki siku kumi na mbili tuoane. Ramani niliipeleka mwenyewe; ukweli ni kwamba nilikwenda kumwona yeye.

Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Mzee Hodi alipiga hodi, akabaki ameinama akitazama chini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mchumba wangu akainua mtaimbo.

"Babu, wenyeji walishahama," alimtania. "Bibi harusi wangu kagonga muhuri."

Mzee Hodi alimwonyesha chini. Nyungunyungu walikuwa wakitoka kwenye udongo mkavu, mmoja baada ya mwingine, katika mstari ulionyooka kama uliopigwa kamba, wakijipinda juu ya vumbi. Hakuna ndege aliyewasogelea.

"Weka mtaimbo chini, mwanangu. Polepole. Humu kuna kitu kiko macho."

Alituondoa kwa hatua fupi za kuburuza miguu, ili umeme wa ardhini usitupande kwa mguu mmoja na kutokea kwa mwingine. Mafundi wa umeme walipofika walikuta waya una umeme wake wote, ganda limeoza, unavuja udongoni na kuwafukuza nyungunyungu. Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa ukienda kwenye vyumba ambavyo havipo. Kabla haujazimwa, Mzee Hodi alinivalisha visikilizi vya mashine yake, tukiwa mbali. Ulivuma chinichini, kama mtu anayejiimbia ndani ya nyumba anayodhani ni tupu.

Hakunilaumu. Aliuomba ule muhuri, akautia mfukoni, na sijauona tena. Siku hizi kila kiwanja kinapimwa kwa mashine, faili iseme itakavyo. Nilipomuuliza ile hodi humpigia nani, alisema ardhi haihitaji salamu. Anayehitaji kuinama na kutazama ni mchimbaji.

Katika miaka yake yote, kikosi chake hakijazika mtu.

Mzee wetu, asante kwa kazi hiyo. Mimi nina asante yangu ya pekee: kila jioni mlango unafunguka, anaingia mwanamume mwenye vumbi kwenye kope, nami namshika mikono yote miwili kabla hajavua viatu. Wewe na mama watoto, tunawaombea afya, usingizi mzuri, na miaka mingi mno juu ya ardhi.